Joto la Chumba

Jumatano, 28 Mei

Leo nimefundisha, na nimefundisha vizuri. Wauguzi wa zahanati za milimani wameshuka Tunduma kujifunza namna ya kututumia damu ya kuhesabia CD4, wale askari wa mwili ambao virusi vya ukimwi huwavamia kwanza. Ayoub, mkuu wetu wa maabara, alikaa nyuma akichezea simu, lakini masikio yalikuwa kwangu.

Nikawaambia damu hii haipendi friji. Ukiigandisha, askari wanakufa, na mashine itahesabu makaburi. Chukua tyubu ya kifuniko cha zambarau, igeuzegeuze taratibu, usiitikise kama togwa, kisha itunze kwenye joto la chumba mpaka bodaboda aifuate asubuhi.

Ayoub akadakia, "Sema tu rumu tempricha, Kabula, ndivyo walivyosoma chuoni."

"Mkuu, Kiswahili kipo," nikamjibu. "Tukaombe chumvi kwa jirani na kopo letu limejaa?"

Wakacheka sana. Mama mmoja wa makamo, Enesi, muuguzi wa ile zahanati tunayoiita ya Juu, kule mbele ya Isansa, alikuwa akirudia maneno kwa sauti ya chini: joto la chumba, joto la chumba. Akainua mkono nusu, halafu akaushusha. Muda wa chai ulikuwa umefika, nikafunga somo.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi imeingia. Sisi wa Kamsamba, bondeni Momba, tumezoea kulala mlango wazi na bado unatoka jasho. Hapa nimevaa soksi mbili na bado meno yanagongana. Baba kapiga simu, anasema ng'ombe wamenenepa. Mimi nakonda kwa kutetemeka.

Jumatano, 11 Juni

Lucky, bodaboda wetu, ameleta damu za kwanza kutoka Juu. Mashine ilipita kontroli ya asubuhi, ile damu ya majaribio yenye hesabu inayojulikana, bila kelele. Nikatia ile rangi inayong'aa, inayowashika askari hao tu, mashine ikawapitisha mbele ya mwanga na kuwahesabu. Majibu ya Juu karibu yote ni ya chini. Ya zahanati ya Iyula mazuri, ya mjini mazuri.

Maji ya juu kwenye tyubu za Juu, pale damu ilipotulia, yalikuwa na wekundu kidogo, kama chai iliyopikwa na majani machache. Lucky na barabara yake ya mashimo, nikasema. Nikaendelea.

Alhamisi, 12 Juni

Baridi. Uji wa ulezi. Hakuna jipya.

Ijumaa, 13 Juni

Enesi kapiga simu baada ya kupokea majibu. Anaongea polepole, na lafudhi yake ya Kinyiha inavuta maneno.

"Dada Kabula, samahani. Huyu wa mia moja na kumi na nane ni Restuta wetu. Yule mama mwelimishaji, anayewafundisha wenzake kumeza dawa. Yeye mwenyewe hafichi, kijiji kizima kinajua hali yake. Hebu mwangalie tena, mwanangu."

Chini ya mia mbili ni hatari. Nikairudisha tyubu ileile mashineni, ikatoa mia moja na kumi na tano.

"Nimerudia, mama. Ni vilevile. Mashine haidanganyi."

Kisha akasema, "Basi labda hamezi." Nikasema labda.

Ijumaa, 27 Juni

Kikao cha wakuu wa zahanati na kliniki. Daktari akauliza kwa nini majibu ya Juu yameporomoka. Ayoub akanigeukia mimi. Nikasimama. Ukumbi ulikuwa na watu wa afya, wenyeviti wa vijiji, na akina mama wawili wa kupika chai.

Nikasema mashine inapita kontroli kila asubuhi. Nikasema zahanati nyingine ziko sawa. Nikasema tatizo si maabara, tatizo ni watu wa Juu, msimu wa kahawa umefika, wanashinda mashambani na dawa wanasahau kwenye kibuyu. Wakacheka. Hapo ningekaa. Sikukaa.

"Na mwalimu wao wa dawa ndiye wa kwanza," nikasema. "Anahubiri maji, anakunywa pombe."

Sikumtaja jina. Lakini huko Juu kuna mwalimu wa dawa mmoja tu, na kila mtu aliguna kwa pamoja. Ni siri ya mgonjwa na mimi nimeapa. Enesi alikuwa safu ya pili. Alitazama chini, kwenye viatu vyake.

Daktari alinipongeza kwa kusema wazi.

Jumatatu, 30 Juni

Wamemwondoa yule mama kwenye uelimishaji. Nimesikia kwa Lucky. Nikasema ndiyo dawa.

Jumatano, 2 Julai

Za Juu, chini tena. Mzee mmoja amepewa vidonge vya kinga vya nyongeza, Lucky anasema anatapika. Ayoub kasema, "Una jicho, Kabula." Nimefurahi siku nzima. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Maabara ilikuwa na mimi na mlinzi. Asubuhi ile mama mmoja mrefu, sweta la kijani, khanga mbili, miguu imejaa vumbi la barabarani, akaingia bila kubisha hodi.

"Wewe ndiye Kabula?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye yule anayehubiri maji."

Nikamkaribisha kiti, akakikataa.

"Sijaja kugombana. Nimekuja unitoe damu hapahapa, uihesabu hapahapa, nikuone. Ile nyingine ilisafiri. Hii haitasafiri popote."

Nikaanza kumweleza kuhusu kontroli. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Binti yangu, nimemeza hizi dawa tangu mtoto wangu wa mwisho yuko tumboni. Yuko kidato cha pili sasa, na hana kitu. Mume wangu, Fanuel, ndiye alikuwa ananikumbusha. Siku aliporudi mtu kutoka kikao chenu, Fanuel akaniuliza dawa nampelekea nani. Sasa kila asubuhi ananipa kidonge mkononi mwake, nameza, halafu ananiambia funua mdomo. Ananiinua ulimi kwa kidole. Watoto wakiwa wanakunywa chai."

Nikashindwa kumtazama. Baba yangu, mzee Bugalama, ndivyo anavyofanya mnadani. Anamkamata ng'ombe pua, anamfunua mdomo, anaangalia meno, kisha anasema bei.

Nikamtoa damu. Akasimama nyuma yangu wakati mashine inafanya kazi, akiinusa maabara yangu kama jikoni kwa mtu mchafu.

Mia sita na kumi na mbili.

Nikarudia. Mia sita na tano.

"Ni ngapi?" akauliza. Nikamwambia. "Na hiyo ni nzuri?" Nikamwambia ni nzuri, mama, ni nzuri sana, watu wengi wangeitamani.

Nilidhani atapiga kelele. Alijifunga khanga vizuri, akasema, "Mashine haidanganyi, au siyo?" Kisha akaondoka kutafuta gari la Vwawa. Hata maji sikumpa. Mtu ametoka Isansa kwa baridi ile, na mimi hata kikombe cha maji sikumpa.

Jumanne, 8 Julai

Nimewaza majina yamebadilishana. Nimewaza Enesi anachanganya watu. Natafuta wa kumbambikia, na ninajijua.

Jumatano, 9 Julai

Lucky alipofika nikamkamata mlangoni.

"Lucky, sema kweli. Unazifanyaje tyubu zangu njiani?"

"Mimi tena! Naziweka kifuani, ndani ya jaketi. Za Juu ndiyo nazipenda, dada, zinakuja vuguvugu kama chapati. Asubuhi ile ya baridi, zinanipa raha mpaka kule chini."

"Vuguvugu?"

"Nikizipokea ni za moto kabisa. Nilijua ndiyo dawa yake."

Nikazishika. Bado zilikuwa na uvuguvugu wake. Maji ya juu yalikuwa mekundu, kama siku ile, kama kila Jumatano. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeziona akazitupa, maana wekundu ule ni chembe zilizopasuka, na damu iliyopasuka haihesabiwi. Mimi niliiona mara ya kwanza kabisa, nikaiita chai.

Sikuziweka mashineni.

Ijumaa, 11 Julai

Sijamwambia Ayoub. Nasema nataka kuhakikisha. Uongo. Naogopa.

Jumanne, 15 Julai

Nimepanda Juu na Lucky, siku ya kliniki. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mibuni, na watu walikuwa wanachuma kahawa wamevaa makoti. Vidole vyangu vilikufa kwenye chuma cha nyuma cha pikipiki.

Enesi alinipokea kwa mikono miwili. Hakuwa na kinyongo hata chembe, na hilo lilinichoma zaidi. "Dada Kabula! Umekuja kutuona! Karibu ndani, ndani kuna joto."

Kweli kulikuwa na joto. Chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa gunia, jiko la mkaa katikati, limekolea, jekundu. Kando yake, kwenye kigoda, karibu kiasi kwamba mimi nisingeweza kuweka goti langu pale, kichanja cha tyubu. Damu za leo zimepangwa wima, na juu yake kafunika kitenge chake mwenyewe.

"Unaona?" akasema. "Hazijashika baridi hata siku moja. Ulisema zinataka joto la chumba. Sasa chumba chetu, we mwenyewe unaona, hakina joto. Ndiyo tukalitia. Jioni nawasha, usiku naamka kuongeza, mpaka Lucky afike. Mkaa natoa nyumbani."

Nilikaa kwenye kitanda cha wagonjwa.

Huyu mama alikuwa anaamka usiku, kwa baridi ya Julai ya Isansa, kulinda maneno yangu. Bondeni kwetu chumba kinakuja na joto lake, hulitafuti, huliulizi. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wa milimani nikawaambia joto, na joto kwao ni moto. Lingekuwa nini kingine?

"Mama Enesi," nikasema, "siku ile ya mafunzo uliinua mkono. Ulitaka kuuliza nini?"

Akafikiri. "Aa, nilitaka kuuliza kama chumba hakina joto tufanyeje. Lakini ulikuwa unachekesha watu, nikaona nitakuharibia. Nikasema akili kumkichwa, nitajua mwenyewe."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kuanza upya. Alivyozidi kuelewa ndivyo uso wake ulivyozidi kuporomoka. Akatoa tyubu moja kwenye kichanja akaishika kama yai.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Ni mimi nimempika Restuta."

"Si wewe, mama. Ni mimi."

"Mimi ndiye niliyewasha."

Alilia akiwa amesimama, bila sauti, huku anazoa makaa kwa koleo na kuyatoa nje. Mimi nilibaki nimekaa. Sikujua pa kuweka mikono yangu.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwambia Ayoub yote. Akafunga mlango.

"Sikiliza. Wote waliopimwa tunawapima upya. Majibu mapya yanakwenda, ya zamani yanafutwa. Tunasema vitendanishi vilikuwa na shida. Hakuna haja ya kupiga mbiu, Kabula. Watu wakisikia maabara imekosea, nani atakuja tena kutoa damu?"

Ana hoja. Nimekubali. Nimetoka mle ndani nimefarijika, na faraja ile imenitia aibu kuliko kosa lenyewe.

Jumapili, 20 Julai

Baba kanipigia akiwa mnadani. Nyuma yake nasikia ng'ombe na wanunuzi. "Ngoja kidogo, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "nimfungue huyu mdomo." Nikakata simu. Nikamtumia ujumbe kwamba mtandao ulikuwa mbaya.

Jumanne, 22 Julai

Damu zimetolewa upya, nimesimamia mwenyewe. Kisha nikamwomba Enesi anipeleke kwa Restuta.

Alikuwa shambani, kikapu kiunoni, anachuma zilizoiva tu. Fanuel, mumewe, mtu mpole wa kofia ya sufu, alikuwa mstari wa pili. Restuta hakuacha kuchuma. Nikamsogelea karibu kabisa, nikaongea chini ili mumewe asisikie. Nilisema kosa ni letu, damu iliungua, dawa anameza, kila mtu maabara sasa anajua, anisamehe.

Akaendelea kuchuma tawi lile mpaka likaisha.

"Umenitukana barabarani," akasema, "unaniomba radhi kichakani?"

Nikaokota kahawa iliyodondoka, nikaitia kikapuni mwake.

"Jumanne ijayo ni kliniki. Watu wote watakuwepo. Fanuel atakuwepo. Njoo useme pale, kwa sauti ileile uliyochekeshea."

Nikamwambia mkuu wangu amekataza.

"Basi rudi kwa mkuu wako," akasema, akahamia mbuni wa pili.

Ijumaa, 25 Julai

Majibu mapya yote yamerudi mazuri, isipokuwa moja. Mzee Manase, yule anayetapika vidonge, yeye ni wa chini kweli. Daktari amempigia aje haraka. Nilipowafanya wote kuwa wagonjwa, mgonjwa mwenyewe alipotelea humo, tukadhani anasumbuliwa na tumbo tu.

Nimemwambia Ayoub nitakwenda Jumanne. Kasema nikienda nimekwenda kwa jina langu, si la maabara. Nikamwambia hata kule kikaoni nilisimama kwa jina langu. Akanitazama, akanipa nauli ya Lucky.

Jumanne, 29 Julai

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi nje, upande wa jua, wamejifunika makoti na vitenge. Fanuel amesimama pembeni ameshika baiskeli. Restuta amekaa benchi la nyuma kabisa, kama mgonjwa yeyote, wakati miaka yote alikuwa anakaa mbele.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yaliruka. Nikasema:

"Naitwa Kabula. Napima damu Tunduma. Mwezi uliopita nilisema kikaoni kwamba ninyi hammezi dawa, na mwalimu wenu hamezi. Ilikuwa uongo. Damu zenu ziliungua kwa sababu mimi nilifundisha vibaya, na nilipoona zimeharibika sikutaka kuona. Mama Restuta anameza dawa zake. Ana askari wa mwili wengi kuliko hata wengi wenu. Hakumpa mtu dawa, hakuzitupa, hakudanganya. Aliyedanganya ni mimi."

Mzee mmoja akauliza, "Yaani mlituchemsha?"

"Tuliwachemsha, babu."

Mtu akacheka, akajizuia. Enesi akasimama, akasema, "Moto niliwasha mimi," nikasema, "Aliwasha kwa sababu nilimwambia joto." Tukawa tunagombania kosa mbele za watu kama watoto na andazi, na hapo wakacheka kweli, na mimi nikaanza kulia, sikuweza kujizuia tena.

Fanuel alikuwa ameachia baiskeli, imeanguka. Alikuwa anatazama kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia. Akakifuta kwenye suruali. Akakifuta tena.

Restuta akainuka benchi la nyuma. Akapita katikati ya watu, taratibu, akaja mpaka mbele yangu. Akafungua pindo la khanga, akatoa tunda la kahawa, jekundu, limeiva mpaka linang'aa.

"Funua mdomo," akasema.

Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania, na hakuwa amekasirika.

Nikafunua mdomo, pale mbele ya wote, machozi na kamasi vinanitoka. Akanishika kidevu. Akaangalia ndani, hakuharakisha, akaangalia meno, akaniinua ulimi kwa kidole chake kilichojaa utomvu wa kahawa. Kisha akaniwekea lile tunda.

"Meza utamu, mbegu tema," akasema. Akageuka, akaenda kukaa benchi la mbele.

Nimekulia mkoa huu huu, na mpaka leo sikuwa najua kwamba kahawa, kabla haijapita motoni, ni tamu.